Somo la Kompyuta: Tuhamishe Masomo Yetu Kabla Mlango Haujafungwa



Wasimamizi wa vyumba vya kompyuta hapa kambini wametuletea swali moja mara nyingi: "Tulipewa diski yenye masomo mazuri ya hesabu na sayansi. Tukiyafungua tunaona kisanduku kitupu. Je, kompyuta imeharibika?" Jibu ni kwamba kompyuta haijaharibika, na diski pia ni nzima. Masomo hayo yalitengenezwa kwa programu iitwayo Flash, na Flash imefungwa na wenyewe walioitengeneza. Katika somo hili tutaeleza Flash ilikuwa nini, kwa nini ilifungwa, na namna ya kuyahamisha masomo yaliyokuwa yakiitegemea. Nitaeleza pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe nilipokuwa Ggaba, Kampala, maana sitaki lifanyike tena hapa.

Kwanza tusichanganye majina. Flash hii si ile flashi ndogo unayochomeka kwenye kompyuta kuhifadhi faili. Mzee mmoja alikuja ofisini na flashi yake mfukoni, akauliza itafungwa tarehe ngapi ili awahi kutoa picha za wajukuu. Flashi yako haifungwi, mzee wetu. Itumie tu.

FLASH ILIKUWA NINI

Kivinjari ni ile programu ya kufungulia kurasa, kama vile Chrome, Firefox au Edge. Zamani vivinjari vilijua kuonyesha maandishi na picha zilizotulia, basi. Mchoro unaotembea, sauti, au swali ambalo mtoto anabonyeza jibu na kuambiwa "umepata", hayo hayakuwezekana kwa urahisi. Mwaka 1996 ilitoka programu ya kuchora picha zinazotembea, na mwishoni mwa mwaka huo kampuni ya Macromedia iliinunua na kuiita Flash. Mwaka 2005 kampuni ya Adobe iliinunua Macromedia yenyewe. Mtu alipachika kipande kidogo cha Flash ndani ya kivinjari chake, na hapo kivinjari kikaweza mambo mengi. Michezo, katuni, fomu za serikali, masomo ya watoto: vyote viliandikwa kwa Flash.

Faili ya Flash huishia na herufi .swf. Faili hiyo haifunguki yenyewe. Ni kama kaseti: wimbo umo ndani, lakini bila redio ya kuichezesha hausikii kitu. Adobe walikuwa wenye redio. Sisi wengine wote tulikuwa na kaseti tu, na wengi hatukulijua hilo.

Kwa nini ilifungwa? Kipande kile kilikuwa na matundu mengi ambayo wezi wa mitandaoni walipitia. Tena kilikula betri, na simu za iPhone tangu zitoke mwaka 2007 hazikukikubali kabisa. Wakati huohuo lugha ya kawaida ya kurasa ilikua, na ile iitwayo HTML5, iliyokamilishwa rasmi Oktoba 2014, iliweza kufanya picha, sauti na maswali bila kupachika chochote. Basi tarehe 25 Julai 2017 Adobe walitangaza kwamba Flash itakoma mwisho wa mwaka 2020. Tazameni vizuri tarehe hizo. Watu walipewa zaidi ya miaka mitatu.

YALIYOTUKUTA GGABA

Ggaba ni mwalo wa Ziwa Viktoria, kusini mwa Kampala. Ukifika pale utaona boti zinazovuka kwenda upande wa Mukono, soko la samaki, na mitambo inayopeleka maji jijini. Mwaka 2020 nilikuwa nakaa huko kwa shangazi yangu, aliyekuwa akiuza mukene sokoni. Shule za Uganda zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya Korona. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, lakini watoto wengine wote walikuwa wakizurura mwaloni. Mimi na vijana wenzangu, Wakongo na Waganda, tulikuwa tunasimamia chumba kimoja chenye kompyuta tano kuukuu. Watoto waliingia kwa zamu, wanne wanne. Masomo yalikuwa ndani ya kompyuta zenyewe, hayakuhitaji intaneti, na kila mtoto alikuwa na jina lake na alama zake. Yote yalikuwa Flash.

Mwaka mzima kivinjari kilituonyesha utepe juu ya ukurasa, ukisema Flash haitakuwepo baada ya Desemba 2020. Tuliuona. Kila asubuhi tuliubonyeza alama ya kuufunga ili usizibe hesabu za watoto, tukaendelea na kazi.

Jumanne tarehe 12 Januari 2021 masomo yote yalikataa. Sasa, wanaokumbuka siku hizo wataelewa kwa nini tulikosea. Uchaguzi ulikuwa tarehe 14. Siku ileile ya tarehe 12 mitandao ya kijamii ilizimwa Uganda nzima, na jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikakatwa. Mtoto mmoja alisema, "Mwalimu, serikali imezima na hesabu pia." Tulimwamini! Tukafunga chumba, tukangoja. Hatukujiuliza: ikiwa masomo yamo ndani ya kompyuta na hayatumii intaneti, kukatwa kwa intaneti kunayazuiaje?

Intaneti ilirudi tarehe 18. Masomo hayakurudi. Ndipo tukajua kwamba Adobe waliweka ndani ya Flash tarehe ya kujifunga, na tarehe hiyo ilikuwa 12 Januari. Flash mpya ilitazama saa ya kompyuta na kujizima yenyewe, hata pale pasipo na intaneti.

Mambo mawili tuliyafanya baada ya hapo, na yote mawili yalikuwa mabaya. Mwenzangu mmoja alirudisha saa ya kompyuta nyuma hadi 2020. Masomo yalifunguka, tukashangilia. Lakini kurasa salama za intaneti zikaanza kukataa, kwa sababu kwenye kompyuta ile vyeti vyake vilionekana havijaanza kutumika, na kazi za watoto zikaandikwa tarehe za uongo.

La pili ni langu. Nilisoma maelezo ya kuondoa Flash kwa sababu za usalama. Maelezo yalisema ukishaiondoa, futa na folda zake zilizobaki. Nilikuwa na haraka ya kuonekana najua. Nikafuta kwenye kompyuta ya kwanza, nikafuta kwenye ya pili. Nilipofika ya tatu, kijana mmoja Mganda aliyewahi kufanya kazi kwenye kibanda cha kutengeneza simu alinishika mkono akasema, "Ngoja kwanza kaka, fungua folda uone kilichomo." Tukafungua. Ndani yake mlikuwa na faili ndogondogo zinazoishia na .sol, na majina ya watoto wetu. Alama zote za miezi minane hazikuwa ndani ya somo kama tulivyodhani. Flash ilikuwa inazitunza mahali pake yenyewe, na mimi nilikuwa nazitupa.

Kompyuta tatu tuliziokoa. Alama zake tulizinakili kwa mkono kwenye daftari. Mbili zilikuwa zimekwisha.

Kulikuwa na binti wa miaka 13 ambaye daima alikaa kompyuta ya pili. Alitoka Kivu bila karatasi yoyote ya shule. Tulikuwa tumemwahidi mama yake kwamba alama zile zitakuwa ushahidi kwamba anaweza darasa la sita. Shule zote zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, mwalimu mkuu alitaka kitu cha kuandikwa, sikuwa nacho. Binti akaingizwa P.4, pamoja na mdogo wake. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, mlikuwa mnaziandika wapi?"

SI SISI PEKE YETU

Msidhani ni wakimbizi na maskini tu waliochelewa. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, ofisi kubwa yenye wataalamu wake, ilifika Januari 2021 ikiwa bado na fomu za kodi za Flash. Ilibidi watoe kivinjari chao wenyewe ili walipa kodi waweze kuzifungua. Huko Dalian, China, ofisi ya reli ilikwama, ikarudi kwenye Flash ya zamani isiyo na tarehe ya kujifunga. Hiyo ilikuwa njia ya kupata pumzi. Nyumba inayovuja ukiweka sufuria chini yake bado inavuja.

NAMNA YA KUHAMISHA

Sisi tunajua kuhama. Anayehama kwa amri ya usiku mmoja huchukua anachokishika, na anayehama akiwa amejiandaa huchukua vyeti kwanza. Kompyuta nayo iko hivyo. Kwa hiyo anzeni na kumbukumbu za watu, masomo yatafuata.

Hatua ya kwanza: nakilini kabla ya kufuta chochote. Ndani ya folda ya mtumiaji wa Windows kuna folda iliyofichwa iitwayo AppData, ndani yake Roaming, ndani yake Macromedia, kisha Flash Player. Nakilini folda hiyo yote, pamoja na folda ya masomo, kwenye flashi mbili tofauti. Moja ikae chumbani, nyingine ikae kwa mtu mwingine. Faili za .sol husomeka kwa programu za bure, na mkipata shida leteni tuwasaidie. Kisha andikeni alama kwenye daftari, zisomeke bila kompyuta. Nasisitiza daftari.

Hatua ya pili: fanyeni hesabu ya mlicho nacho. Kwenye kisanduku cha kutafuta cha Windows andikeni *.swf, mtaona faili zote za Flash. Kwa kila somo andikeni linafundisha nini, darasa gani, na nani bado analitumia. Sisi Ggaba tulikuwa na masomo 38, na tulipouliza watoto tukakuta 9 hakuna aliyewahi kuyapenda. Hayo tuliyaacha. Si kila kitu lazima kihamie.

Kwa yaliyobaki kuna njia tatu. Ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko zote, ni kutafuta somo jipya linalofanya kazi ileile. Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, Marekani, kina mradi wa PhET ulioanza mwaka 2002. Majaribio yao ya sayansi na hesabu mengi yalikuwa ya Flash na Java, wakayaandika upya kwa HTML5 moja baada ya jingine. Ni bure, mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili, na kila moja unaweza kulipakua kama faili moja ukalifungua bila intaneti. Pia kuna Kolibri, ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa mahsusi kwa mahali pasipo na mtandao. Unaiweka kwenye kompyuta moja, na kompyuta au simu nyingine zilizo karibu zinasoma kutoka humo kwa kivinjari. Hata wao walihama: kabla ya Kolibri walikuwa na programu nyingine, KA Lite, wakaiacha ilipozeeka.

Njia ya pili ni Ruffle. Hii ni programu ya bure inayojifanya Flash, yaani redio mpya ya kaseti za zamani, na haina matundu yale ya Flash yenyewe. Inafungua faili za .swf kwenye kivinjari au peke yake. Maktaba ya Internet Archive iliitumia tangu Novemba 2020 kufufua katuni na michezo. Mwaka 2021 ilikuwa changa, sasa imekomaa zaidi. Masomo yaliyoandikwa kwa ActionScript 1 na 2, ambayo ni lugha za ndani za Flash, hufunguka vizuri. Yale ya ActionScript 3, iliyotoka 2006, mengine yanafunguka na mengine yanagoma katikati. Kwa hiyo lijaribuni kila somo mpaka mwisho wake. Ukurasa wa kwanza kufunguka si dalili kwamba swali la kumi litafanya kazi. Na angalieni kama alama zinatunzwa: funga kabisa, fungua tena, uone kama jina la mtoto bado lipo.

Njia ya tatu ni kuandika upya. Ipo programu ya bure iitwayo JPEXS inayofungua tumbo la faili ya .swf na kutoa picha na sauti zilizomo. Ukishazitoa, kijana anayejua HTML kidogo anaweza kupanga ukurasa mpya wenye maswali yaleyale. Kama mwenye somo anajulikana, mwombeni ruhusa, na muulizeni kama bado ana faili ya asili inayoishia na .fla. Akiwa nayo kazi inapungua sana, kwa sababu programu ya Adobe Animate inaweza kuigeuza iwe HTML5. Njia hii inachukua muda, kwa hiyo iwekeni kwa masomo mnayoyahitaji kweli. Yale ya kugawanya chungwa vipande, sisi tuliyachora kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani, na mpaka naondoka Ggaba ilikuwa bado pale.

MSIYAFANYE HAYA

Msirudishe saa ya kompyuta nyuma. Msitafute Flash mpya kwenye intaneti: ukurasa wowote leo unaokwambia "pakua Flash uone video hii" unakudanganya, na ukikubali unaingiza virusi. Msiweke Flash ya zamani kwenye kompyuta inayoingia intaneti. Na fundi akija kusafisha kompyuta, asifute folda mpaka msimamizi aone kilichomo.

KABLA YA KUPOKEA DISKI NYINGINE

Wafadhili wataendelea kutuletea masomo, na tunashukuru. Lakini hakuna ubaya kuuliza. Je, somo hili linahitaji programu gani ili lifunguke? Programu hiyo ni ya nani, na amesema itaendelea hadi lini? Alama za wanafunzi zinatunzwa wapi, na tunaweza kuzitoa zikiwa faili ya kawaida au kuzichapa? Asiyeweza kujibu swali la tatu, mwombeni arudi akiwa na jibu.

Nasema hivi kwa kuwa Flash haikuwa ya mwisho. Internet Explorer ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, na kurasa za ofisi zilizoitegemea zinafunguka kwa muda tu ndani ya Edge, ambako Microsoft wameahidi kuzibeba angalau hadi 2029. Chrome iliacha kompyuta za Windows 7 mwaka 2023, na toleo lao la mwisho ni la 109. Wenye simu za vibonyezo za KaiOS, ambazo programu zake pia ni kurasa za kivinjari, walishaonja: katikati ya 2024 WhatsApp iliondolewa dukani mwao, na mwanzoni mwa 2025 ikaacha kufanya kazi kabisa. Hapa kambini wako akina mama ambao namba ya ndugu aliyeko Goma au Nairobi ilikuwa ndani ya simu hiyo tu. Tafadhali, namba za ndugu ziandikeni kwenye karatasi leo.

TANGAZO

Wasimamizi wote wa vyumba vya kompyuta na vikundi vya kujisomea mnaombwa kuleta orodha ya masomo yenu ya .swf kwenye ofisi ya wafanyakazi wa jamii siku ya Jumatano, kuanzia saa nane mchana. Njooni na flashi mbili na daftari. Tutakuwa na Ruffle, Kolibri na majaribio ya PhET ya Kiswahili ya kunakili bure. Kompyuta msizifute chochote kabla ya siku hiyo. Kama tayari mmefuta, njooni vilevile mtuambie ni kompyuta ipi na ni watoto gani walikuwa wakiitumia, tuwapime upya na kuwaandikia karatasi kabla ya muhula kuanza.